Neno Nililomwandikia Dada

Dada yangu alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nyumbani Nyanga, pembeni mwa mji wa Bukoba, napogoa mibuni yangu minne ambayo majirani huiita shamba kwa kunihurumia.

"Msomi," alisema, "nahitaji mistari mitano."

Huniita Msomi anapokuwa na shida. Siku nyingine mimi ni "wewe". Amenizidi miaka saba, ni mjane, na analima kibanja cha migomba na kahawa kule Ijumbi, wilayani Muleba. Tunaongea Kihaya, lakini mistari aliyoitaka ilikuwa ya Kiswahili, kwa sababu ilikuwa ya kanisani na ilipaswa kupigwa muhuri. Walutheri wa mtaa wao, yaani kanisa dogo lililo chini ya usharika, walikuwa wamempendekeza awe mzee wa kanisa. Utaratibu wa pale ni kwamba ukipendekezwa, mtu anayekufahamu huandika maelezo mafupi juu ya mwenendo wako, maelezo yanasomwa mbele ya watu siku ya Jumapili, na mwenye neno husimama akalisema. Ni kama tangazo la ndoa, ila hapa bibi harusi amepita miaka sitini.

"Uzee wa kanisa unautakia nini?" nilimuuliza. "Ni vikao na lawama tu."

"Nautakia kusaini."

Akanieleza. Alikuwa na jirani, bibi kizee aliyekaa kwa mwanawe Mwanza miaka mingi, ambaye sasa alikuwa amerudi kufia nyumbani. Alirudi amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, nyonga imevunjika, ana shuka mbili na hana barua. Kwao mtu akihama usharika huenda na barua ya utambulisho. Asipokuwa nayo, hata kama alibatizwa chini ya paa lile lile, mchungaji hampelekei Chakula cha Bwana, yaani mkate na divai ya sakramenti, nyumbani mpaka mzee wa kanisa wa eneo lake amdhamini kwa sahihi. Mzee wa eneo lile alikuwa amefariki. Wale wa maeneo mengine walisema, kwa upole kabisa, kwamba hawawezi kusaini nje ya mpaka wao. Asubiriwe mzee mpya. Na bibi kizee alikuwa anauliza kila siku kama mchungaji yuko njiani.

"Hali yake?"

"Jana alikula vijiko vitatu vya uji. Juzi vilikuwa vinne."

Nikamwahidi mistari yake kesho.

Sina budi kueleza kwa nini niliahidi kwa haraka namna ile. Tasnifu yangu ya shahada ya pili inahusu maneno ya uchaji katika Kiswahili: kucha, kuabudu, kusujudu, kunyenyekea na ndugu zao wote. Nakala yake iko maktaba ya chuo, na ninaamini hakuna aliyewahi kuifungua isipokuwa mimi, tena nilikuwa naangalia kama jina langu limeandikwa sawasawa. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimesubiri mtu yeyote, popote, ahitaji utaalamu huu. Sasa alikuwa amepatikana, na alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Jioni nikampigia kumsomea.

"'Ni mama mcha Mungu,'" nilianza, "'mnyenyekevu, mwenye moyo wa ibada...'"

"Kwani nimekufa?"

"Hapana."

"Hayo ni maneno ya kwenye jeneza. Endelea."

"'Ni mshika dini ambaye...'"

"Mshika dini ni yule wa pale njia panda aliyemfukuza binti yake na mtoto mgongoni. Futa."

"'Ni mtu wa sala.'"

"Hao ni Wakatoliki. Wataniuliza rozari nimeiweka wapi."

Ndani ya dakika moja na nusu alikuwa amezipitia sura tatu za tasnifu yangu, na mahali pote alipogusa alikuwa sahihi. "Mcha Mungu" ni neno zuri, lina kicho na mapenzi ndani yake kwa wakati mmoja, nami nililisifu kwa kurasa kumi na nne. Lakini niambie lini mara ya mwisho ulimsikia mtu akimwita hivyo jirani aliye hai, anayemwona akipita na jembe. Tunaliweka akiba mpaka mwenyewe hawezi kulisikia. Na "mshika dini" kwetu hutamkwa kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama mtu anayeonja maziwa ya jana. Hayo kamusi haiyasemi, wala mimi sikuyasema, kwa kuwa nilikuwa nafuata kamusi.

"Sasa niandike nini?" nilimuuliza.

"Andika maneno ya watu wa hapa. Wewe umeandika kama naomba kazi benki."

Usiku nikafuta karibu kila kitu. Nilijaribu kukumbuka jinsi watu walivyosemana nyumbani tulipokuwa wadogo. Wazee wa wakati wa baba yetu walimwita Mkristo kwa neno la Kihaya lenye maana ya msomaji, kwa sababu wa kwanza walioingia dini walionekana na vitabu mkononi. Mtu angeweza kuwa msomaji mzuri sana bila kujua herufi moja. Nilipofikiria hilo likanijia neno jingine, lililojaa kanisani kwetu utotoni kuliko yote. Kuokoka. Hilo sikuwa nimeliandikia hata ukurasa mmoja, maana niliona ni la mitaani mno. Nikajipongeza kwa kuwa mnyenyekevu kiasi cha kulikubali.

Maelezo yakawa hivi: dada huyu ameokoka, anampenda Bwana, anahudhuria ibada, anahudumia wagonjwa, hana ugomvi na mtu. Mistari mitano. Nikaituma kwa simu kwa katibu wa mtaa. Sikumsomea dada kwanza. Niliwaambia watu baadaye kwamba sikutaka kumsumbua, lakini ukweli ni kwamba niliogopa atalifuta na hilo, na nilikuwa nimebaki bila maneno.

Jumapili nikapanda basi la asubuhi kutoka Bukoba, nikateremka Muleba, nikachukua bodaboda hadi Ijumbi. Dereva alikuwa ameandika NIMEOKOKA kwenye kipande cha mpira nyuma ya tairi, kwa rangi nyekundu, na katika mwendo aliotukimbiza nao nilielewa kwa nini hakuwa na wasiwasi na siku zijazo. Mjini neno hili limekuwa jepesi. Mwenye nyumba anataka mpangaji aliyeokoka, maana yake asiyekunywa wala kuleta wageni. Binti akisema mchumba wake ameokoka, shangazi zake wanaelewa kwamba ana suti. Ndivyo nilivyolitumia mimi, kama mtu wa mjini, huku nikidhani nimerudi kijijini.

Niliketi benchi la nyuma. Dada alikuwa mbele upande wa wanawake, na kitenge chake cha Jumapili. Baada ya matangazo ya mavuno katibu akasimama, akafungua karatasi na kusoma. Aliposema "ameokoka", niliona shingo ya dada ikinyooka. Hakugeuka.

Katibu akauliza kama kuna mwenye neno. Katika benchi la tatu upande wa wanaume akasimama mzee mmoja, mrefu, ameshika kofia kwa mikono miwili. Nilimfahamu tangu utoto; kila mtu pale anamfahamu. Ni mlokole wa uamsho wa zamani na ni mzee wa kanisa wa eneo linalopakana na la dada. Alipokuwa kijana alisimama katika kanisa lile lile akatubu kwamba alihamisha milamula, ile mimea tunayopanda mpakani mwa vibanja, akamwibia jirani yake hatua tatu. Kesho yake aliing'oa mchana kweupe, watu wakimtazama, akairudisha ilikokuwa. Tangu hapo hakuna mtu Ijumbi anayeheshimu mipaka kama yeye. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia dada kwamba hawezi kusaini nje ya eneo lake.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina."

"Nampenda dada huyu. Nakula kwake, anakula kwangu. Nina swali tu, maana limesomwa mbele ya watu. Aliokoka lini? Sisi hatujausikia ushuhuda wake."

Kwa watu wale neno hilo halijapoteza uzito hata kidogo. Lina tarehe. Lina mahali, lina mashahidi, na mara nyingi lina jembe au mbuzi aliyerudishwa kwa mwenyewe. Anayesema ameokoka amesimama mbele ya majirani akataja kwa sauti jambo ambalo wewe na mimi tungekufa nalo. Mimi, mtaalamu wa maneno hayo, nilikuwa nimemvika dada yangu nguo ya watu wengine, nikamtoa nje nayo mchana.

Dada angeweza kujinasua kwa urahisi. Kulikuwa na mikutano mikubwa ya uamsho zamani, watu wengi walilia, na hakuna aliyeweka daftari la waliolia. Angetaja mmoja wa mikutano ile, watu wangeitika amina, na sahihi aliyoitaka ingepatikana kabla ya chakula cha mchana. Alijua hivyo. Nilimwona akiinuka taratibu, mkono mmoja kwenye benchi la mbele.

"Karatasi hiyo sikuiandika mimi," alisema. "Ameiandika mdogo wangu, yule pale nyuma mwenye miwani. Amesoma sana."

Kanisa zima liligeuka kuniangalia, likacheka. Nilistahili.

"Mimi sijaokoka vile mnavyosema ninyi. Nilisubiri. Siku zile mlipolia nami nilipiga magoti, nikakaa, nikakaa, magoti yakaniuma. Sikusikia kitu. Nikaenda nyumbani kupalilia. Tangu hapo nasali, nakuja hapa, nafanya ninachokiona mbele yangu. Sina siku ya kuwatajia. Kama hiyo haitoshi kuwa mzee, basi haitoshi." Akamgeukia yule mzee. "Ila yule mama jirani yangu msimwache afe bila Chakula kwa sababu yangu. Hajui hata kama kuna karatasi."

Akaketi. Mwinjilisti anayeongoza mtaa alisema, bila ukali, kwamba kwa kuwa maelezo yameonekana kuwa na kasoro, jambo hilo litapelekwa kwenye kikao cha wazee mwezi ujao. Tukaimba, tukatoka.

Nje nilimkuta dada amesimama kando ya ukuta, anavua viatu vya Jumapili ili avae ndala.

"Nisamehe," nilisema.

"Ungenisomea."

"Niliogopa utalifuta."

"Ningelifuta, ndiyo. Mwezi ujao nitamwambia nini yule mama? Asubiri kikao?"

Kabla sijatafuta jibu la kitabuni, yule mzee akatufikia, kofia bado mkononi.

"Mama, nipeleke kwa huyo mgonjwa."

"Si eneo lako," dada alisema. Hakuwa mkali, ila hakumrahisishia.

"Eneo langu nalijua linapoishia."

Tulikwenda watatu, kwa mstari mmoja, maana njia ndani ya migomba haitoshi wawili. Mzee alikuwa nyuma ya dada na mimi nyuma ya mzee. Katikati ya njia akasema, kama anayeongea na mgongo wa dada, "Miaka yote hii nimesikia watu wakitaja siku. Sijamsikia mtu aliyepewa siku ya bure akaikataa."

"Nisingeikumbuka," dada alisema. "Ningewatajia Jumatatu, halafu mwakani niwatajie Alhamisi."

Mzee alicheka hadi akasimama kushika goti.

Bibi kizee alikuwa amelala chumba cha mbele, mdogo chini ya blanketi, macho makubwa. Dada alimwita Mae, kama tunavyomwita mama, akamwambia amepata mgeni. Mzee akachuchumaa kando ya kitanda. Alikuwa amekuja kwa kazi, na akaifanya.

"Mae, ulibatizwa hapa?"

"Kabla hujazaliwa."

"Nani alikuwa mwinjilisti wakati huo?"

"Baba yako mdogo. Mchungaji akihubiri, yeye anakoroma."

"Hilo ni kweli," mzee alisema.

"Kwa hiyo wewe ndiye mchungaji?"

"Hapana, Mae. Mimi ni wa kumwita mchungaji."

"Basi mwite. Maswali utaniuliza nikipona."

Mzee akatoa karatasi ya udhamini mfukoni, akaniomba kalamu. Nilikuwa nazo tatu mfukoni, mbili hazikuwa na wino. Alisaini polepole, akibonyeza, na chini ya sahihi akaandika kwamba anamdhamini mgonjwa wa eneo lisilo na mzee, akijua kuwa si eneo lake. Nilimwambia sentensi ya mwisho haikuwa ya lazima. Alisema ilikuwa ya lazima kwake.

Uzee wa dada ulikwenda kikaoni, ukaahirishwa, ukarudi, ukaahirishwa tena. Ninapoandika haya bado haujaamuliwa, na yeye haulizi. Lakini mchungaji alikuja Jumatano ya wiki ile ile. Nilikuwa bado Ijumbi. Niliwaambia wa nyumbani kwangu kwamba nimekawia kwa ajili ya dada, ingawa yeye alikuwa ameniuliza mara mbili basi langu ni la saa ngapi.

Mchungaji na mzee walifika mapema, tukawekwa kwenye benchi nje ya mlango, kwa sababu dada alikuwa hajamaliza kumwosha mgonjwa. Mlango ulikuwa na pazia tu, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Maji yalimiminwa kwenye beseni. Kisha sauti ya dada, ya chini, ya kawaida.

"Mae, naomba mkono."

Kimya. Maji.

"Asante. Naomba huu mwingine."

Kimya tena, kirefu zaidi, kwa sababu nyonga iliyovunjika ilikuwa upande ule.

"Mae, sasa naomba mguu. Nitauinua kidogo tu. Ukisema niache, naacha."

"Chukua," bibi kizee alisema.

Aliomba kila kiungo kwa zamu yake, mpaka vidole, na kila kimoja akakishukuru kabla hajaenda kwa kingine. Mwanamke yule alikuwa hawezi tena kugeuka mwenyewe. Wangeweza kumgeuza kama gunia na asingekuwa na la kufanya. Nilisikiliza, na sikutafuta neno. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee alikuwa anatazama viganja vyake.

Alipomaliza, dada alifungua pazia akatukaribisha. Meza ndogo ilikuwa na kitambaa cheupe, kimepigwa pasi hadi kwenye pembe. Bibi kizee ameegemezwa mito, amepakwa mafuta, kitambaa kipya kichwani, anafanana na mtu anayesubiri wageni. Mchungaji akasimama upande mmoja wa kitanda, mzee upande wa pili akiwa na sahani, kama utaratibu unavyotaka. Dada, ambaye si mzee wa kanisa, alichukua beseni lake akarudi nyuma hadi mlango wa jikoni. Mimi nilibaki kizingitini na viatu mkononi.

Sala zilisomwa kwa Kihaya. Bibi kizee aliitikia zote, nyingine akimtangulia mchungaji. Kisha mchungaji akainama na mkate.

Bibi kizee alifunga mdomo.

"Mae, pokea," mzee alisema.

Aliendelea kuufunga. Macho yake yalikuwa yanazunguka chumba, yakipita juu yangu bila kusimama.

Mchungaji akaunyoosha mgongo. "Ana maumivu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana," mzee alisema. Akageukia jikoni. "Mama, njoo."

"Mimi siyo..."

"Najua siyo. Njoo."

Mchungaji alimtazama mzee, akamtazama dada, akasogea nusu hatua kumpisha. Dada aliliweka beseni chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja akapiga magoti mahali mzee alipokuwa amesimama. Mzee alikuwa amekwisha kurudi ukutani, sahani ameishika kifuani.

"Mae," dada alisema, "naomba kinywa."

Bibi kizee akafungua.